Prolog: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanaoanza Prolog huyarudia, pamoja na machache ambayo hata wazoefu huyakwepa. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Mifano inafuata sintaksia ya kawaida. Jambo likihusu toleo fulani tu, limetajwa.

## Ya mwanzo

1. Prolog ni nini hasa?

Ni lugha ya programu ambamo huiamrishi kompyuta hatua kwa hatua. Unaieleza mambo yalivyo, kisha unaiuliza, na kazi ya kulitafuta jibu inabaki kwake. Programu nzima ina vitu viwili tu: taarifa na kanuni.

```
mzazi(rehema, juma).
mzazi(juma, asha).
mzazi(juma, salim).

mjukuu(M, B) :- mzazi(B, Y), mzazi(Y, M).
```

Mistari mitatu ya kwanza ni taarifa. Wa mwisho ni kanuni: alama `:-` isome "iwapo", na mkato usome "na". Yaani M ni mjukuu wa B iwapo B ni mzazi wa Y na Y ni mzazi wa M. Majina yanayoanza kwa herufi kubwa ni vigeu, yaani nafasi zinazongoja thamani. Nukta ya mwisho ni lazima. Ukiisahau, Prolog itakaa kimya ikikungoja umalize sentensi, nawe utadhani imekwama.

Sasa uliza (alama `?-` hutangulia swali, na `;` huomba jibu jingine):

```
?- mjukuu(Nani, rehema).
Nani = asha ;
Nani = salim.

?- mjukuu(asha, Nani).
Nani = rehema.
```

Kanuni ni ileile moja, lakini imejibu maswali mawili yanayotazama pande tofauti. Katika lugha nyingi ungeandika fanksheni mbili.

2. Ilitoka wapi?

Ilizaliwa Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Walitaka kompyuta ielewe sentensi za Kifaransa, na jina lenyewe ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa yenye maana ya "kuprogramu kwa mantiki". Robert Kowalski, aliyekuwa Edinburgh, ndiye aliyeonyesha kwamba sentensi za mantiki za umbo fulani zinaweza kusomwa pia kama utaratibu wa kazi. Chini ya yote hayo kuna kazi ya Alan Robinson ya mwaka 1965 kuhusu kuthibitisha hoja kwa mashine.

Kwa muda lugha hii ilionekana ni ya maprofesa, polepole mno kwa kazi ya kweli. Kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) ya David H. D. Warren ya mwaka 1977 ilibadilisha mawazo hayo. Mwaka 1983 Warren huyohuyo alibuni mashine ya kinadharia ambayo matoleo mengi yameifuata tangu hapo. Kiwango cha ISO, shirika la kimataifa la viwango, kilitoka mwaka 1995.

3. Si ilishakufa?

Swali hili lina chanzo. Mwaka 1982 Japani ilianzisha mradi mkubwa wa "kompyuta za kizazi cha tano" na kuuweka juu ya msingi wa programu za mantiki. Matarajio yalipanda hadi mawinguni, na yalipokosa kutimia, Prolog ilibebeshwa lawama ambazo nyingi hazikuwa zake.

Lugha yenyewe iliendelea. Matoleo ya kwanza ya Erlang, lugha nyingine ya programu, yaliandikwa kwa Prolog, na hadi leo vigeu vya Erlang huanza kwa herufi kubwa na sentensi zake huishia kwa nukta, kama katika Prolog. Watson, kompyuta ya IBM iliyoshinda shindano la maswali la televisheni la Jeopardy! mwaka 2011, ilitumia Prolog kuchambua muundo wa sentensi. Na maelezo rasmi ya mashine inayoendesha programu za lugha ya Java yanaeleza ukaguzi wa aina za data kwa kanuni za Prolog, kwa sababu ndiyo lugha iliyoonekana kusema jambo hilo bila utata.

4. Nianze na toleo lipi?

SWI-Prolog. Ni la bure, lilianzishwa na Jan Wielemaker huko Amsterdam mwaka 1987, lina maktaba nyingi, na makosa mengi utakayoyafanya tayari yana maelezo yake. GNU Prolog ni jepesi na ni la bure pia. SICStus, lenye asili ya Uswidi, ni la kulipia na linasifika kwa kasi. Scryer ni jipya zaidi na linashikilia kiwango cha ISO kwa ukali. Usipoteze wiki nzima ukichagua, maana misingi ni ileile.

5. Hii si hifadhidata tu?

Taarifa za Prolog kweli zinafanana na safu za jedwali, na kanuni zinafanana na maulizo yaliyohifadhiwa. Tofauti ni kwamba kanuni inaweza kujiita yenyewe, na thamani inaweza kuwa muundo wenye miundo mingine ndani yake. Ukiondoa miundo hiyo ya ndani unabaki na Datalog, binamu yake Prolog aliyetulia zaidi, ambaye katika umbo lake la msingi hazunguki milele.

## Inavyofanya kazi

6. Alama ya `=` inafanya nini kama si kuweka thamani?

Inaoanisha. Prolog inachukua pande mbili na kujiuliza kama zinaweza kufanywa ziwe kitu kimoja.

```
?- nukta(X, 3) = nukta(2, Y).
X = 2, Y = 3.

?- f(X, X) = f(1, 2).
false.
```

Data imepita pande zote mbili kwa mpigo mmoja: X imepata thamani kutoka kulia, Y kutoka kushoto. Katika mfano wa pili X haiwezi kuwa 1 na 2 kwa pamoja, basi.

Kigeu kikishapata thamani hakibadiliki tena katika njia hiyo ya hoja. Ukizoea lugha nyingine hili linakera kama jiwe kwenye kiatu. Thamani inaondoka tu Prolog inaporudi nyuma.

7. Kurudi nyuma ni nini?

Prolog inapokuta kanuni au taarifa kadhaa zinazofaa, inachukua ya kwanza na kukumbuka kwamba hapo palikuwa na njia panda. Mbele kukiziba, inarudi kwenye njia panda ya karibuni, inafuta thamani zote zilizowekwa tangu hapo, na kushika njia inayofuata.

Chukua swali `mjukuu(salim, N)`. Inajaribu taarifa ya kwanza: rehema ni mzazi wa juma. Je, juma ni mzazi wa salim? Ndiyo, jibu ni rehema. Ukitaka jibu jingine, inarudi: juma ni mzazi wa asha, lakini asha si mzazi wa salim. Inarudi tena: juma ni mzazi wa salim, lakini salim si mzazi wa salim. Njia zimekwisha, inajibu `false`, maana yake hapa ni "hakuna zaidi".

Ukitaka kuyaona haya kwa macho, andika `trace.` kabla ya swali. Utaona kila lengo, yaani kila swali dogo la njiani, likiitwa, likifaulu, likijaribiwa upya na kushindwa. Saa moja ya kutazama hivyo inafundisha kuliko sura nzima ya kitabu.

8. Kama ni mantiki, kwa nini mpangilio wa kanuni unabadilisha matokeo?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na nusu ya maswali mengine yote yanatokea hapa.

Katika mantiki tupu, "A na B" ni sawa na "B na A". Prolog inakubali hilo kuhusu maana, lakini inapotafuta inafuata utaratibu mmoja usiobadilika: kanuni kutoka juu kwenda chini, malengo kutoka kushoto kwenda kulia, na kuzama hadi mwisho wa njia kabla ya kujaribu nyingine. Kwa hiyo kila programu ina usomaji wa aina mbili. Usomaji wa kwanza unauliza kama inachosema ni kweli. Wa pili unauliza mashine itapita wapi. Tazama hii:

```
njia(X, Y) :- njia(X, Z), barabara(Z, Y).
njia(X, Y) :- barabara(X, Y).
```

Kwa usomaji wa kwanza haina dosari. Kwa wa pili ni shimo: ili kujibu `njia`, jambo la kwanza inalofanya ni kuuliza `njia`, ambayo inauliza `njia`, hadi kumbukumbu iishe bila hata jibu moja. Geuza:

```
njia(X, Y) :- barabara(X, Y).
njia(X, Y) :- barabara(X, Z), njia(Z, Y).
```

Maana haijabadilika, lakini sasa kila hatua inasogea kwenye barabara halisi kabla ya kujiita. Kowalski aliyaweka haya katika mlinganyo mmoja mwaka 1979: algorithimu ni mantiki kujumlisha udhibiti. Mantiki unaiandika waziwazi; udhibiti umejificha kwenye mpangilio. Wanaosema "Prolog inajitafutia yenyewe, wewe eleza tu" wanakudanganya kidogo, ingawa kwa nia njema.

Je, barabara zikizunguka, a kwenda b na b kurudi a? Hata toleo la pili litatoa majibu yaleyale bila kukoma. Dawa iko swali la 18.

## Makosa ya kila siku

9. Nimeandika `mzazi(Juma, Asha).` na sasa kila swali linajibiwa ndiyo. Kulikoni?

Jina linaloanza kwa herufi kubwa ni kigeu. Ulichosema ni kwamba kitu chochote ni mzazi wa kitu chochote. Mkono umezoea kuandika majina ya watu kwa herufi kubwa, kwa hiyo kosa hili haliepukiki wiki ya kwanza. SWI-Prolog hutoa onyo kwamba kigeu kimetajwa mara moja tu. Usilipuuze, karibu kila mara ni kosa la tahajia. Kama kweli thamani haikuhusu, andika kistari cha chini, `_`.

Ukitaka herufi kubwa, tumia alama za nukuu moja: `'Juma'`. Na hapo kuna mtego mwingine kwa anayeandika Kiswahili: `ng'ombe` haisomeki, kwa sababu alama ya king'ong'o (`'`) hufungua nukuu mpya katikati ya neno. Andika `'ng\'ombe'`, au jiepushie usumbufu na uandike `ngombe`.

10. Inasema `false` na mimi najua ni kweli.

Prolog haijui unachojua. `false` maana yake "nimeshindwa kuthibitisha kwa niliyoambiwa". Kagua tahajia ya thamani, kisha herufi kubwa (swali la 9). Ukikosea jina la uhusiano wenyewe (kama `mzazi`) utapata ujumbe wa hitilafu badala ya `false`, na vivyo hivyo ukikosea idadi ya nafasi: `njia/2` na `njia/3` ni vitu viwili visivyojuana.

11. Inajibu `true`, nikibonyeza nukta-mkato inasema `false`. Imebadili mawazo?

Hapana. Uliza `member(a, [a, b])`, yaani je, a imo katika orodha ya a na b? Jibu la kwanza ni ndiyo, lakini bado kulikuwa na kipande cha orodha hakijakaguliwa, na hicho hakikutoa kitu. Ukitaka ndiyo moja tu, tumia `memberchk` au `once`.

12. Kwa nini `X = 2 + 3` hainipi 5?

Kwa sababu `=` inaoanisha tu (swali la 6), na `2 + 3` ni muundo kama muundo mwingine wowote. Kukokotoa kunahitaji `is`:

```
?- X is 2 + 3.
X = 5.
```

Lakini `is` inaenda upande mmoja: kila kigeu kilicho kulia lazima kiwe na thamani tayari, la sivyo ni hitilafu. Na `X is X + 1` haiongezi chochote, maana hakuna namba iliyo sawa na yenyewe kujumlisha moja.

Kwa namba kamili kuna njia bora. Katika SWI-Prolog pakia maktaba ya masharti kwa `:- use_module(library(clpfd)).` kisha uliza `5 #= X + 2`, nayo itajibu `X = 3`. Hesabu sasa inakwenda pande zote, kama uhusiano mwingine wowote. Maktaba hii hii hutatua ratiba, mafumbo ya Sudoku na ugawaji wa kazi. Kwa maoni yangu wanaoanza wangefundishwa `#=` kwanza, na `is` baadaye kama njia ya mkato ya kasi.

13. Kitanzi cha kurudiarudia kiko wapi?

Hakipo. Kanuni inajiita yenyewe. Orodha huandikwa `[K|M]`, yaani kichwa na mkia:

```
jumla([], 0).
jumla([K|M], J) :- jumla(M, J0), J is J0 + K.
```

Hii ni sahihi, ila kila wito unasubiri ule wa ndani umalize, na orodha ndefu inakula kumbukumbu. Beba jumla mkononi unapotembea:

```
jumla(O, J) :- jumla(O, 0, J).

jumla([], J, J).
jumla([K|M], A, J) :- A1 is A + K, jumla(M, A1, J).
```

Sasa wito wa kujirudia ndio wa mwisho, na Prolog inautekeleza bila kurundika chochote. Ni kitanzi kwa jina jingine.

14. Nitakusanyaje majibu yote kwenye orodha?

`findall(M, mjukuu(M, rehema), O)` inatoa `O = [asha, salim]`, na orodha tupu kama hakuna majibu. `setof` hupanga na kuondoa marudio, lakini hushindwa kabisa pasipo na jibu, na hugawa majibu kwa makundi kufuatana na vigeu vingine. `setof(M, mzazi(W, M), O)` itakupa watoto wa juma, kisha wa rehema, kila kundi peke yake. Ukitaka wote pamoja, andika `W^mzazi(W, M)`.

## Yanayohitaji tahadhari

15. Alama ya mshangao inafanya nini?

Inakata. Ikifikiwa, njia panda zote zilizoachwa ndani ya uhusiano huo tangu ulipoitwa zinafutwa. Watu huipenda kwa kasi, halafu inawaumbua:

```
kubwa(X, Y, X) :- X >= Y, !.
kubwa(_, Y, Y).
```

Uliza `kubwa(5, 2, K)` upate 5. Vizuri. Sasa uliza `kubwa(5, 2, 2)`: inajibu `true`! Kanuni ya kwanza haikuoana kwa sababu 5 si 2, kwa hiyo mashine haikufika kwenye kukata, ikateremka hadi kanuni ya pili ambayo haina sharti. Usomaji wa kwanza wa swali la 8 ungeligundua mara moja, kwa sababu kanuni ya pili, ikisomwa peke yake, ni uongo. Andika hivi (hapa `->` isome "basi", na `;` isome "la sivyo"):

```
kubwa(X, Y, K) :- ( X >= Y -> K = X ; K = Y ).
```

16. Nikanushe vipi?

Kwa `\+`, isomeke "haithibitiki kwamba". Keith Clark ndiye aliyeipa maelezo ya kimantiki, mwaka 1978.

```
hana_mtoto(X) :- \+ mzazi(X, _).
```

`hana_mtoto(asha)` inajibu `true`. Lakini `hana_mtoto(X)` inajibu `false`, ingawa asha na salim wote hawana mtoto. Sababu ni kwamba X ikiwa wazi, swali linakuwa "je, hakuna mzazi yeyote?", na wapo. Kanusho halizalishi majibu, linachuja tu. Tangulia kutaja watu, `mtu(X), \+ mzazi(X, _)`, au kama unachotaka ni "X si sawa na Y", tumia `dif(X, Y)`, inayovumilia vigeu vilivyo wazi.

17. Naweza kubadili taarifa programu ikiendelea?

Ndiyo, kwa `assertz` (kuongeza) na `retract` (kuondoa), baada ya kutangaza `:- dynamic`. Kumbuka tu kwamba mabadiliko hayo hayafutwi Prolog inaporudi nyuma. Ukianza kuvitumia kama vigeu vya kawaida, umeandika lugha nyingine kwa herufi za Prolog.

## Ya mbali kidogo

18. Nifanyeje `njia` isizunguke milele?

Weka jedwali: `:- table njia/2.` juu ya kanuni. Prolog sasa inakumbuka maswali iliyokwisha kuulizwa na majibu yake, na ikikuta swali ambalo bado liko njiani haiingii tena. Hata toleo bovu la swali la 8 litamaliza. Mfumo wa XSB, toleo jingine la Prolog, ndio ulioipa mbinu hii umaarufu. SWI-Prolog inayo pia. Gharama yake ni kumbukumbu.

19. Ni kweli sarufi inaweza kuandikwa moja kwa moja?

Ni kweli, na ndiyo kazi iliyoizaa lugha hii. Mshale `-->` ni kanuni ya kawaida ambayo Prolog huiongezea nafasi mbili za siri za kupitishia maneno. Upatanisho wa ngeli unakaa humo bila kulazimishwa:

```
sentensi --> nomino(N), kitenzi(N).

nomino(ki) --> [kiti].
nomino(vi) --> [viti].
nomino(wa) --> [watoto].

kitenzi(ki) --> [kimeanguka].
kitenzi(vi) --> [vimeanguka].
kitenzi(wa) --> [wameanguka].
```

`phrase(sentensi, [kiti, kimeanguka])` inakubaliwa, `[kiti, vimeanguka]` inakataliwa. Uliza `phrase(sentensi, [viti, W])` na itakukamilishia: `W = vimeanguka`. Uliza `phrase(sentensi, S)` na itakutungia sentensi zote tatu. Upatanisho wote umefanywa na kigeu kimoja, N. Tahadhari ya swali la 8 inahusika hapa pia: kanuni ya sarufi inayoanza kwa kujitaja yenyewe itazama.

20. Kwa nini `X = f(X)` inafaulu?

Kimantiki haipaswi, maana hakuna kitu chenye mwisho kilicho ndani ya chenyewe. Lakini kukagua hilo katika kila uoanishaji kunachelewesha, kwa hiyo matoleo mengi huliruka, na SWI-Prolog hukupa muundo unaojizunguka. Panapohitajika uhakika, kama unapoandika kithibitishi cha hoja, tumia `unify_with_occurs_check/2`.

21. Programu ni sahihi lakini ni nzito. Nianzie wapi?

Tazama nafasi ya kwanza ya uhusiano wako. Matoleo mengi hutafuta taarifa kwa faharasa ya nafasi hiyo, kwa hiyo kitu unachokijua mara nyingi unapouliza kikae hapo. SWI-Prolog hujitengenezea faharasa za nafasi nyingine pia. Baada ya hapo, sogeza kushoto malengo yanayopunguza majibu haraka.

22. Maandishi kati ya `"` na `"` ni kitu gani?

Inategemea, na hili ndilo jambo linalovunja programu nyingi zinapohamishwa. Katika SWI-Prolog tangu toleo la 7 ni aina yake ya pekee. Kwingine ni orodha ya herufi au ya namba za herufi. Bendera (swichi ya mipangilio) ya `double_quotes` ndiyo inayoamua, kwa hiyo itangaze mwanzoni mwa faili kama unategemea mojawapo. Ndani ya sarufi za swali la 19, SWI-Prolog huyasoma kama mfululizo wa namba za herufi, ndiyo maana unapompa `phrase` maandishi unatakiwa kuyageuza kwanza kwa `string_codes`.